Hesabu Nyuma ya Risiti: Kumtafutia Sekondari Mtoto Mwerevu Asiye na Rafiki

Dada yangu aliandika namba mbili nyuma ya risiti ya Naivas: 53,554 na 26,250. Ya kwanza ni karo ya mwaka ya shule ya bweni ya daraja la C1, zile tulizozoea kuziita shule za kitaifa. Ya pili aliipata kwa kuzidisha: nauli ya matatu shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, chakula cha mchana shilingi 50, mara siku 175 za masomo. Akaisukuma risiti upande wangu wa meza.

"Wewe si ndiye msomi wa boma hili? Basi niambie kwa nini nilipe mara mbili ili mtoto alie usiku."

Mtoto mwenyewe alikuwa Gredi ya 9, katika shule moja hapa Nakuru. Walimu wanamsifu. Anaweza kukueleza jinsi kreta ya Menengai ilivyodidimia, upana wake, na kwa nini mvuke unatoka kule juu, na ukimwachia nafasi atakueleza mpaka chai ipoe. Lakini tangu Gredi ya 4 hakuna mtoto aliyewahi kubisha mlangoni kumwulizia. Wakati wa chakula huzunguka uwanja peke yake akifuata mstari wa ua. Utani humpita. Ukimwambia angoje dakika moja, atahesabu sekunde sitini na kukujulisha kuwa zimekwisha.

Wazazi wenye mtoto wa aina hii wako wengi kuliko wanavyojitokeza, na kila mwaka swali lao ni lile la dada. Kuanzia Naivasha hadi Molo, jirani atawaambia kwamba mtoto mwenye akili hupelekwa bweni la mbali, tena shule yenye jina. Nimekaa na hesabu hizi muda mrefu na sasa nina msimamo wangu, ila kwanza tumalizane na pesa.

Hesabu ya dada ina tundu. Mtoto wa kutwa anakula nyumbani asubuhi na jioni, na kijana wa miaka 15 hali kama kuku. Ukiweka shilingi 100 tu kwa siku kwa chai na chakula cha jioni, kwa wiki takriban 36 za masomo, ni kama shilingi 25,200. Jumlisha na ile 26,250 upate 51,450. Tofauti na C1 imebaki shilingi 2,104! Shule za bweni zinazotoza 40,535 kwa mwaka zinakuwa hata nafuu kuliko kumweka mtoto nyumbani. Ndiyo maana mzazi wa kipato kidogo anayekimbilia bweni hafuati sifa peke yake. Bweni linalisha, linalaza na linamulika taa ya kusomea, na yeye hanunui tokeni za stima.

Karo ya bweni nayo ina tundu lake, tena kubwa zaidi. Kwa miaka mingi waraka wa wizara umeweka 53,554 kwa shule za kitaifa na zile za hadhi ya juu zilizo katika miji saba, Nakuru ikiwa mmojawapo pamoja na Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nyeri, Thika na Eldoret, na 40,535 kwa nyingi zilizo kwingine. Kwa hiyo usikadirie karo kwa kutazama daraja la shule. Soma barua ya kujiunga yenyewe, ukurasa hadi ukurasa, hasa ule wa mwisho wenye akaunti ya benki. Karo hugawanywa kwa uwiano wa 50:30:20, maana yake Januari unatakiwa uwe na shilingi 26,777 mkononi. Muhula huo mmoja unazidi nauli na chakula cha mchana cha mwaka mzima wa kutwa.

Kisha kuna mambo ambayo waraka hauyataji. Serikali inapaswa kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachofika ni kama 16,900. Pengo hilo la zaidi ya shilingi 5,000 kwa kila kichwa lazima lizibwe na mtu, na mtu huyo ni wewe: pesa za basi la shule, motisha ya walimu, ukarabati wa bweni, masomo ya ziada. Shule za kutwa nazo hutoza vijipesa vyao, lakini hazina bweni la kukarabati. Juu ya hapo weka sanduku la chuma, godoro, blanketi mbili kama ni upande wa Molo kwenye baridi, viatu vya ziada kwa kuwa jozi ya kwanza itapotea, pesa za mfukoni, na safari za kumtembelea na hotipoti ya pilau mapajani. Nikiweka yote hayo mezani, kutwa bado ni nafuu, ila si nusu kwa nusu kama dada alivyodhani. Kwa mtoto mwingine yeyote ningesema tofauti hiyo ni ndogo, chagua shule nzuri zaidi uendelee na maisha.

Kwa mtoto huyu nilimwomba dada apige hesabu ya saa.

Wiki ina saa 168. Mtoto wa kutwa akikaa shuleni saa tisa kwa siku tano, ni saa 45. Mtoto wa bweni anakaa zote 168, kuanzia kengele ya alfajiri, foleni ya bafu, foleni ya uji, darasa, michezo, foleni ya githeri, masomo ya jioni, hadi taa kuzimwa chumbani mwenye vitanda vya ghorofa pande zote. Ukigawa pesa kwa saa, bweni ni rahisi ajabu: chini ya shilingi 9 kwa saa, na kutwa karibu 17. Ila swali kwa mtoto anayechoshwa na watu ni saa ngapi kwa siku anaweza kufunga mlango. Kutwa anafunga kila jioni. Bwenini hakuna mlango wa kufunga, hata chooni.

Nililala bwenini miaka minne, katika shule nisiyoitaja, enzi za Kidato cha Kwanza. Mgeni aliitwa mono. Wiki ya kwanza mono alitumwa akapime urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti, au aweke kiatu sikioni ampigie mama yake simu, au apande kitandani aizime balbu kwa kuipuliza. Wakubwa walicheka, nawe ukicheka nao kidogo, ukapuliza kwa mbwembwe, kesho yake umesahaulika. Huo ulikuwa mtihani wa kusoma watu. Sisi wengi tuliupita bila kujua kwamba tumefanya mtihani.

Mmoja wetu hakuupita. Aliambiwa apulize balbu, naye kwa utulivu kabisa akaeleza kwamba balbu haina moto, ina waya unaopata joto, na pumzi haiwezi kukata umeme. Alikuwa anasaidia. Kwa wale wakubwa ilikuwa dharau, na alilipia sentensi hiyo mpaka muhula wa tatu. Alikuwa wa kwanza darasani kwa mbali. Kidato cha Pili hakurudi.

Mpwa wangu angetoa maelezo yale yale, labda na mchoro.

Mtu ataniambia mambo hayo yamekwisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza viboko na unyanyasaji wa kiakili, na shule nyingi sasa zinampokea mgeni kwa adabu. Kweli, zipo. Lakini mapema 2017 wizara ililazimika kuchunguza madai ya wanafunzi wadogo kuteswa na wakubwa katika Alliance High School kule Kikuyu, shule ambayo mzazi wa Nakuru angeuza ng'ombe ili mwanawe aitwe. Jina la shule halimlindi mtoto saa tano ya usiku. Anayemlinda ni mtu mzima aliye macho saa hiyo. Kwa wasichana, mateso mara nyingi hayana hata kelele: kikundi kinaacha tu kumsemesha mmoja, meza ya chakula inajaa kila akikaribia, na matroni hana cha kuandika kwenye daftari lake.

Hata hivyo siwezi kulilaani bweni lote. Katika shule yangu hiyo hiyo alikuwepo kijana mwingine, mkimya kuliko yule wa balbu, aliyegundua wiki ya tatu kwamba chumba cha chesi hakifungwi. Akaingia, akakuta wanne kama yeye. Leo ukimwuliza atakuambia bweni lilimwokoa, maana kijijini kwao alikuwa peke yake. Shule kubwa kama Nakuru High au Nakuru Girls ina pembe nyingi, na katika pembe mojawapo huenda yupo mtoto mwingine anayependa volkano. Shule yenye watoto 80 haina pembe. Wakikukataa hao, umekataliwa na kijiji kizima.

Sababu hiyo inanifanya nisite mzazi anaponiambia atalipa zaidi apeleke mtoto shule ndogo ya kibinafsi "atakapoangaliwa". Darasa dogo ni zuri kwa Hisabati na Fizikia. Kwa urafiki ni kamari. Ziko shule za kibinafsi zenye ukubwa na historia, kama Moi High School Kabarak iliyoanzishwa 1979, na karo yao ipo juu ya ile ya umma. Juu kabisa kuna za mtaala wa Uingereza: Greensteds hapa Nakuru, na St. Andrew's Turi karibu na Molo, iliyoanza 1931. Turi ina mashamba, muziki, farasi na walimu wa kumsaidia mtoto mmoja mmoja. Karo ya muhula mmoja huko inazidi karo ya miaka mitatu ya C1, ambayo ni 160,662. Kama unazo, nenda kaitazame, na usisome zaidi ya hapa. Sisi wengine turudi stendi.

Shule za kutwa za mjini mnazijua: Nakuru Day, Menengai, Afraha, Flamingo, Langalanga na wenzao, na kila kaunti ndogo ina zake. Sizipambi. Nyingi zimejaa, maabara ni moja ya kugawana, na mwalimu wa somo adimu huenda hayupo. Katika Elimu ya Umilisi jambo hili lina uzito mpya. Mtoto wa Gredi ya 10 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu, yaani STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo, kisha ndani yake masomo matatu ya kuongezea yale ya lazima. Si kila shule inafundisha kila mseto. Mpwa wangu alitaka Fizikia, Jiografia na Kompyuta. Shule ya kutwa iliyo karibu zaidi na nyumbani haikuwa na mseto huo. Ya pili ilikuwa nao kwenye mtandao wa wizara, na nilipokwenda kuuliza, mwalimu wa Kompyuta alikuwapo kwa jina na kwa mwili. Hakikisha vyote viwili.

Jambo jingine ambalo risiti ya dada haikulibeba ni matatu yenyewe. Gari la Nakuru la saa kumi na mbili asubuhi lina spika chini ya kiti, na mtoto ambaye kelele humuuma kama jino hufika darasani amekwisha. Tulijaribu njia mara mbili wakati wa likizo. Mwishowe akasema atatembea dakika 40, na kweli anatembea. Shilingi 17,500 za nauli zikabaki nyumbani, sehemu yake ikanunua viatu.

Kuhusu kumpima mtoto: sitaki kumbandika mwanao jina la hali fulani kupitia gazeti. Wengine ni wapole tu. Wengine wana usonji ambao haukuonekana kwa sababu alama zilikuwa nzuri, na mwalimu hamshuku mtoto anayepata EE, daraja la juu kabisa. Kenya ina vituo vya serikali vya kutathmini watoto, EARC, tangu 1984, na kila kaunti inavyo. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kilipo cha karibu. Gharama yake ukilinganisha na sanduku la chuma ni ndogo. Ripoti yao inafungua milango kama vile kuombewa na shule muda wa ziada katika mitihani ya KNEC inapobidi, na inampa mwalimu mkuu kitu cha kushika mkononi. Hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wazee bado wanaiita PGH, nayo inaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Dada alichelewa mwaka mzima kwa kuogopa shangazi zetu watasema nini. Walisema, wakachoka.

Ukienda kutazama shule, usiende siku ya wazazi. Siku hiyo kila shule ni harusi. Nenda Jumanne, ufike kabla ya kengele ya chakula cha mchana, ukae kwenye benchi la ofisi kama mtu anayesubiri cheti. Kengele ikilia, watafute watoto walio peke yao. Kila shule inao. Tazama wapo wapi. Kama wamesimama nyuma ya vyoo, umepata jibu lako. Kama maktaba ipo wazi na mmoja wao yumo ndani na hakuna anayemfukuza, hilo ni jibu pia, na limekugharimu nauli tu.

Kisha umwulize naibu wa mwalimu mkuu maswali machache ya moja kwa moja. Mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi vingapi vya kufundisha? Akiwa navyo vingi kama wenzake, ushauri ni cheo tu. Mara ya mwisho mtoto kuripoti kuonewa, aliyeripotiwa alifanywa nini, na aliyeripoti alilala wapi usiku ule? Kwa bweni, nani hulala karibu na wanafunzi wageni, na ni wangapi chumba kimoja? Sikujali sana majibu yalikuwa yapi. Nilijali kama naibu alikuwa nayo tayari au aliyatunga pale pale. Mmoja aliniambia shuleni kwake hakuna kuonewa hata kidogo. Nilimshukuru, nikaondoka, nikaifuta shule ile kwenye orodha.

Mtoto aende nawe safari ya pili. Mwambie achague mahali ambapo angekaa kula. Mpwa wangu alichagua ngazi za nyuma ya maabara, kwa sababu, alisema, mtu akija utamwona mapema.

Sasa fomu. Katika uteuzi wa kwanza wa Gredi ya 10, uliofanywa 2025, kila mwanafunzi alichagua shule 12: tisa za bweni na tatu za kutwa katika kaunti ndogo anamoishi. Nimeona wazazi wa watoto werevu wakikesha wakipanga zile tisa, kisha zile tatu wakazijaza kwa dakika mbili, jina lolote lililo karibu. Mtambo nao unafikiri kama jirani yako: mtoto mwenye alama za juu kati ya zile 72 za KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, unamtupa bweni la C1, kwa kudhani ndiyo zawadi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu. Mpwa aliitwa shule ya bweni ya mbali, yenye jina, na simu za pongezi zikaanza kuingia kabla dada hajamaliza kusoma ujumbe. Wizara ilipofungua nafasi ya siku chache ya kuomba kubadilishiwa, tuliomba ile ya kutwa yenye ngazi nyuma ya maabara. Karani aliyetusaidia alitazama alama, akatutazama sisi, akauliza kama tumekosa karo.

Hatukukosa. Kama mwanao yuko Gredi ya 9, tembelea shule tatu za kutwa kabla hujagusa orodha ya bweni, uzijaze hizo kwanza, na akipata nafasi ya kupongezwa na kila mtu, kumbuka dirisha la kubadilisha linafungwa upesi. Ukiona mtoto wako ni wa chumba cha chesi, mpeleke bweni kubwa kwa moyo mweupe. Kama ni wa balbu, mweke karibu.